Vishikio vya Bafuni katika Nyumba ya Mawe ya Matumbawe: Maoni Yangu Baada ya Miezi Minne

Nilipoanza kutafuta vishikio vya bafuni kwa ajili ya mama yangu, sikupata maelezo yoyote ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuvifunga katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, inayotumia maji ya kisima. Sasa vimekaa ukutani miezi minne, vimeshikwa kila siku kwa mikono yenye sabuni, na kasoro zake zimeanza kujitokeza, kwa hiyo naona wakati wa kuvitolea maoni umefika. Ninaeleza hapa vitu vitatu: kishikio cha wima cha sentimita 45 kando ya mfereji wa udhu, kishikio cha sentimita 60 mahali pa kuogea, na mkono wa kukunja wa sentimita 70 kando ya choo. Nitaeleza pia kazi ya mafundi wawili, wa kwanza aliyeharibu na wa pili aliyetengeneza. Nyumba iko Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ndia Kuu, na bafu lenyewe liko ghorofa ya kwanza.

Mama ana miaka 78 na hatembelei mkongojo. Kilichotuzindua ni udhu wa alfajiri. Kwa mazoea ya maisha yake yote, yeye huosha miguu akiwa amesimama: huinua mguu mmoja akauweka juu ya ukingo wa beseni, akabaki amesimamia mguu wa pili juu ya kigae kilicholowa. Siku hiyo mguu wa chini uliteleza, akalivamia beseni kwa mikono yote miwili, nalo likang'oka ukutani pamoja na skrubu zake na vumbi jeupe la chokaa. Kwa rehema za Mungu aliangukia kapu la nguo za kufua, akatoka na maumivu ya nyonga na si zaidi. "Beseni ndilo lililoumia," alituambia tulipokimbilia mlangoni, na kwa juma zima hakutaka jambo hilo litajwe mbele ya wageni.

Nilianza kuuliza katika maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa Mwembe Tayari. Katika duka la kwanza nilieleza kwa mikono ninachotaka, na muuzaji akaelewa mara moja: "Ah, vile vyuma vya wagonjwa!" Nilifanya kosa la kulirudia jina hilo nyumbani. Mama alinijibu kwamba yeye si mgonjwa, na kwamba kama nina vyuma vya wagonjwa basi nikavifunge hospitali. Zilipita wiki mbili kabla sijaleta kishikio kimoja nyumbani na kukiweka mezani bila kusema neno. Alikishika, akakigeuza, akasema kinafanana na mkono wa birika, kisha akacheka mwenyewe, kwa kuwa kwetu mtu wa mkono wa birika ni bahili asiyeachia kitu. Jina likabaki hilo, na upinzani ukaisha siku hiyo. Nataja haya kwa sababu wauzaji na mafundi hawafikirii kwamba jina la kifaa linaweza kuchelewesha kazi kuliko bei yake.

Nilizikuta sokoni aina tatu. Ya kwanza ni ya plastiki yenye vikombe vya mpira vinavyojinyonyea kwenye kigae, haihitaji kutobolewa ukuta, na niliuziwa kwa shilingi 900. Muuzaji aliibandika juu ya kioo cha kaunta yake, akanialika niivute kwa nguvu zangu zote, na kweli haikubanduka. Nilipomwomba aibandike kwenye kigae cha sampuli chenye uso wa mikwaruzo kama vya bafuni kwetu, ilianguka kabla hajamaliza kunisifia. Kikombe cha mpira hushika kwa sababu hewa imetolewa chini yake, kwa hiyo hewa ikipata njia, iwe ni kwenye mkwaruzo wa kigae au kwenye mstari wa saruji kati ya kigae na kigae, kishikio huachia ghafla bila dalili yoyote ya kutangulia. Mtu anayetaka kitu cha kumsaidia kujiweka sawa tu wakati anapita anaweza kukitumia akiwa mwangalifu, lakini kwa mzee atakayeuegemeza mwili mzima ningekiona ni hatari kuliko kutokuwa na kitu, maana asiye na kitu hujihadhari. Mimi nilikinunua hata hivyo, nikakijaribu, na sasa kinashikilia taulo jikoni.

Aina ya pili ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Hung'aa vizuri kuliko vyote na bei yake ni nafuu, ila ganda lile la juu likikwaruzwa, hewa ya bahari huingia na kutu huanza kazi chini yake. Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Atazame tu bawaba za madirisha yake.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo niliyochukua, ni ya chuma kisichoshika kutu, na hapa mnunuzi anahitaji kujua mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Chuma hicho kina madaraja. Daraja la 304 lina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na ndilo linalotumika kwa sufuria nzuri na masinki. Daraja la 316 huongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ndiyo inayolifanya listahimili chumvi, kiasi kwamba ndilo linalotakiwa kwa vifaa vya mashua na nyumba za ufuoni. Chini yake yote kuna daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli imepunguzwa na kuwekwa manganisi ili bei ishuke. Desturi ya wanunuzi wengi ni kwenda na sumaku, wakiamini kwamba ikikataa kushika basi chuma ni kizuri. Sumaku itakusaidia kugundua chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa, lakini haitakutofautishia 201 na 304, kwa kuwa yote mawili kwa kawaida huikataa. Dalili iliyonisaidia mimi ni namba iliyopigwa chapa kwenye bamba la kishikio, uzito wake mkononi, na uvumilivu wa muuzaji mmoja aliyekubali kunifungulia maboksi manne. Daraja la 316 sikulipata katika maduka matano niliyoyazunguka, nikaridhika na 304, na nitasema baadaye limefanya nini.

Vishikio viwili vya kufungwa moja kwa moja vilinigharimu shilingi 2,600 na 3,200, na mkono wa kukunja shilingi 9,500. Vyote vina unene wa milimita 32, ambao mkono mdogo wa mama unauzunguka hadi vidole vikakutana na kidole gumba. Nafasi kati ya chuma na ukuta ni kama milimita 38, na kipimo hicho si cha kubahatisha, kwa sababu ndicho kilichowekwa katika kanuni za Marekani za majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu. Nafasi ikizidi hapo, mkono wa anayeanguka unaweza kupenya kati ya chuma na ukuta hadi kwenye kiwiko, ukanaswa huku mwili ukiendelea kwenda chini. Kanuni hizo hizo zinataka kishikio na kilichokishikilia vistahimili nguvu ya pauni 250, yaani uzito wa kama kilo 113. Boksi langu liliandikwa kilo 150 kwa herufi kubwa, lakini hesabu hiyo ni ya chuma peke yake, na ukuta wa kwetu haukuulizwa.

Na ukuta wa kwetu ndio kisa chenyewe. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyolingana, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa. Kuta zake ni nene na huonekana imara kama ngome, lakini ndani yake hakuna mpangilio: keekee inaweza kuingia kwenye jiwe gumu, na sentimita tano pembeni ikatumbukia kwenye chokaa kikavu kinachobonyea kwa ukucha, au kwenye tundu tupu ambalo mdudu wa baharini aliliacha maelfu ya miaka iliyopita. Juu ya ukuta huo, marehemu baba alipiga lipu ya saruji na kubandika vigae. Anayeingia bafuni huona vigae vya kisasa, akadhani nyuma yake kuna ukuta wa kisasa.

Fundi wa kwanza, ambaye kazi yake hasa ni mabomba, alidhani hivyo. Alikuja na keekee yenye kugonga, akaiwasha ikiwa katika hali ya kugonga tangu kwenye uso wa kigae, na vigae viwili vikapasuka kabla ya tundu la tatu. Akatia plagi za plastiki za milimita 40, akakaza skrubu, akakitikisa kishikio kwa mkono mmoja, akasema hata ng'ombe hafungui hapo. Nililipa shilingi 1,500. Siku ya tisa nilikishika mimi mwenyewe nikiwa nainuka kutoka kupiga deki, na plagi mbili za juu zikatoka kama jino la mtoto. Nilipozipima nilielewa. Kigae kilikuwa milimita 8 na lipu iliyo nyuma yake karibu milimita 20, kwa hiyo katika plagi ya milimita 40 ni milimita 12 tu zilizofika kwenye ukuta wenyewe, nazo ziliishia katika chokaa. Nilimpigia simu, akasema tatizo ni nyumba kuwa kuukuu. Katika hilo hakukosea, ila nyumba ilikuwa kuukuu hata siku alipokuja. Fedha sikurudishiwa, na vigae vile viwili bado vina viraka.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake na jirani aliyekuwa akikarabati milango. Ni mtu wa makamo, mchache wa maneno, na ishara ya kwanza iliyonipa imani ni kwamba hakufungua begi lake la zana kwa muda wa nusu saa. Alibisha hodi, akamwamkia mama, akaketi naye barazani, akamuuliza anaamka saa ngapi, anaoga kwa kusimama au kwa kuketi, na mkono wenye nguvu ni upi. Kisha akamwomba aingie bafuni na nguo zake zote, aketi kama akogapo. Mama alimtazama, akajifunga leso nyingine juu ya kanzu yake, akaketi juu ya kigoda chake cha plastiki kando ya ndoo na kata. "Haya, mama, inuka bila kunishika mimi." Mkono wake wa kulia ulipapasa ukuta kabla mwili haujanyanyuka, na pale ulipogusa, fundi akapiga alama kwa chaki. Alimrudisha akae na kuinuka mara tatu, na alama zote tatu ziliangukia ndani ya eneo la kiganja kimoja.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshikilia karatasi yenye vipimo. Kanuni za Marekani huweka kishikio cha mlalo kati ya inchi 33 na 36 kutoka sakafuni, yaani kama sentimita 84 hadi 91. Nilitaka tufuate hivyo. Fundi alipima kwa tepu, akanionyesha kwamba kwa mama aliyeketi kwenye kigoda kifupi, sentimita 84 iko juu ya bega lake, na kwamba kuvuta kutoka juu ya bega kwa mkono wa miaka 78 ni kutafuta kuteguka. Vipimo vile vinamfaa mtu anayesimama chini ya bomba la mvua, naye mama hajawahi kulipenda bomba la mvua. Anasema maji yake hayana nia. Basi kishikio cha sentimita 60 kiliwekwa mshazari, mwisho wake wa chini ukiwa sentimita 58 kutoka sakafuni na wa juu ukifika mita moja. Huanza kukivuta chini akiwa ameketi, na mkono hupanda pamoja na mwili hadi anaposimama wima. Sijaona matumizi bora zaidi ya chuma cha shilingi 3,200.

Kando ya choo mjadala ulikuwa mrefu zaidi, na hapa ndipo nilipotambua kwamba michoro yote niliyoiona ilichorwa kwa ajili ya watu wasiojisafisha kwa maji. Choo chetu cha kukaa kimewekwa karibu na ukuta wa kushoto, kwa hiyo kila mchoro ungekuelekeza ufunge kishikio ukutani hapo, na fundi naye alianza kwa kupendekeza hivyo kwa kuwa ndiko rahisi. Mama alikataa kwa sauti ndogo lakini kabisa. Mkono wa kushoto ndio anaojisafishia, na hawezi kuushikisha chuma kabla ya kuuosha kwa sabuni, na sabuni iko kwenye beseni, na kwenye beseni hufiki mpaka umeinuka. Mkono ulio huru ni wa kulia, na kulia kwake hakuna ukuta ila nafasi tupu ya mita moja na nusu. Ndiyo sababu tulilazimika kununua mkono wa kukunja, unaofungwa kwenye ukuta wa nyuma na kushushwa ukae sambamba na kiti, kisha ukapandishwa mtu anapotaka kupita. Waingereza huviweka vishikio vya mlalo vya chooni sentimita 68 kutoka sakafuni. Kwa urefu wa mama tuliteremka hadi 66. Namshauri kila anayefikiria kazi hii alimalize swali la mkono wa kulia na wa kushoto kabla hajatoka kwenda dukani, kwa sababu tofauti ya bei kati ya kishikio cha kawaida na mkono wa kukunja ilikuwa karibu shilingi 7,000.

Ufungaji wenyewe ulichukua siku mbili. Mkono wa kukunja huleta kazi ngumu ukutani, maana anayeegemea ncha yake iliyo sentimita 70 mbele huzivuta boliti za juu kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo. Boliti za kupanuka, ambazo hushika zege vizuri kwa kujitanua ndani ya tundu, fundi alizikataa, akisema kwamba jiwe la matumbawe likisukumwa kutoka ndani hupasuka. Alitumia gundi ya kemikali ya sehemu mbili, inayokuja katika mrija mmoja na kuchanganyika inapopita kwenye mdomo wake mrefu. Alibandika karatasi ya gundi juu ya kigae ili biti isiteleze, akatoboa kigae polepole kwa biti ya vigae bila kugonga hata kidogo, na alipovuka ndipo alipobadilisha biti na kuingia ukutani hadi sentimita 14. Kila tundu alilipuliza kwa pampu ya mkono, akalisugua kwa brashi ndefu kama ya kuoshea chupa, akalipuliza tena, na vumbi lililotoka lilikuwa kama unga wa muhogo. Nilipomwuliza kama ni lazima kurudia mara nyingi hivyo, alinijibu kwamba gundi hushika kile inachokigusa, na ikigusa vumbi itashika vumbi.

Katika tundu mbili keekee ilitumbukia kwenye uwazi. Moja aliihamisha sentimita chache, na nyingine akaitilia soksi ya wavu, ambayo huizuia gundi isimwagike ndani ya ukuta na kuiacha ijipenyeze kidogo kidogo kwenye matundu ya jiwe hadi ikaganda humo. Mikamuo ya kwanza ya mrija aliitupa, mpaka rangi ikawa moja, kwa sababu kabla ya hapo sehemu mbili hazijachanganyika sawasawa. Gundi hii huwahi kuganda katika joto, na Mombasa ya Februari haimpi fundi muda wa kuzungumza. Alikuwa ametayarisha fito zote za chuma zimesimama kwenye mstari kabla hajakamua. Baada ya hapo alitufungia bafu kwa siku nzima, akafunga kitambaa chekundu kwenye kila fito, na mama akashuka kutumia choo cha chini. Kigezo kimoja cha kumpima fundi wa kazi hii ni kama atakuruhusu uvute kishikio jioni ile ile. Akikuruhusu, uwe na wasiwasi.

Kile kishikio cha udhu kilikuwa na ukuta tofauti, wa matofali membamba ya inchi nne uliojengwa miaka ya karibuni kutenganisha bafu na chumba cha kulala. Huko alipitisha boliti moja kwa moja hadi upande wa pili, akaziwekea bamba la chuma na nati, na bamba hilo sasa linaonekana chumbani juu ya kitanda. Si zuri kulitazama. Nimelining'inizia kalenda.

Siku iliyofuata alifanya majaribio ambayo ningependa kila fundi ayafanye mbele ya mwenye nyumba. Alining'inia mwenyewe kwenye vishikio viwili vya ukutani, akanyanyua miguu, kisha akajitikisa. Kwa mkono wa kukunja aliomba madumu manne ya maji ya lita 20, akayafunga kwa kamba kwenye ncha, yaani kilo 80 na ushei, akayaacha hapo tulipokuwa tukinywa kahawa. Ncha ilishuka kwa unene wa ukucha. Ukutani hapakutoka hata chembe ya vumbi. Ufundi ulikuwa shilingi 6,500, na gundi, fito, wavu na boliti vikala shilingi 4,300 nyingine; nililipa nusu kabla na nusu baada ya madumu kushushwa, kwa M-Pesa. Ukijumlisha, kuvifunga kulinigharimu shilingi 10,800, zaidi ya bei ya mkono wa kukunja wenyewe, na sijutii shilingi yoyote katika hizo kama ninavyozijutia zile 1,500 za mwanzo.

Sasa kasoro. Katika mwezi wa pili, alama za hudhurungi kama za chai ya mkandaa zilijitokeza kwenye vichwa vya skrubu na kuzunguka bamba la kishikio cha kuogea. Maji matamu ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo kuja mjini, kwetu hupatikana kwa zamu, na siku nyingine zote tunaoga maji ya kisima yenye chumvi. Chuma cha 304 huweza kupata madoa hayo mahali ambapo chumvi inakaukia, na skrubu zilizokuja kwenye boksi nadhani ni za daraja la chini zaidi, kwa sababu zimeathirika kuliko chuma chenyewe. Madoa ya chuma hutoka kwa kitambaa na siki, na tangu tuanze kuvisuuza kwa kopo moja la maji matamu kila jioni yamepungua sana. Ya skrubu hayatoki. Fundi ameahidi kuzibadilisha kwa za 316, ambazo zinapatikana kwa wanaouza vifaa vya mashua. Sizichukulii kwa wepesi, maana chuma kikishika kutu ndani ya ukuta hufura, na kinachofura ndani ya matumbawe hulipasua jiwe.

Bawaba ya mkono wa kukunja hulia kila inaposhushwa, na sauti hiyo saa kumi na moja alfajiri huamsha nyumba nzima. Tone la mafuta ya cherehani hutosha kwa siku kumi hivi. Silikoni iliyopakwa kuzunguka mabamba imeanza kuota weusi upande wa kuogea. Na uso wa chuma ni laini mno kwa mkono wenye sabuni. Ningerudi dukani leo ningechagua chenye uso uliokwaruzwa kidogo kiwandani, hata kama haking'ai.

Mama mwenyewe hakuacha kuinua mguu kwenye beseni, jambo ambalo nilitarajia angeliacha, lakini sasa mkono wake wa kushoto hukaa kwenye kishikio cha wima kabla mguu haujanyanyuka. Beseni tulilifunga upya kwa gundi ile ile. Mazoea mabaya aliyonayo ni ya kuanika leso na taulo juu ya mkono wa kukunja, na taulo lililolowa huteleza chini ya kiganja, kwa hiyo tumempigilia kulabu mbili nyuma ya mlango na bado tunabishana.

Jirani anayepanga fleti Kizingo ameniuliza kama anaweza kufanya vivyo hivyo. Nilimwambia aanze kwa mwenye nyumba, apate ruhusa kwa maandishi, kisha agonge ukuta kwa kifundo cha kidole: penye sauti ya ngoma hapafai mpaka papatikane mahali pa kupitisha boliti.

Fundi anarudi Jumamosi kwa ajili ya skrubu. Nimemwomba pia atazame ngazi yetu, ambayo kama ngazi nyingi za Mji wa Kale ni nyembamba na imesimama kama ya minara, na ambayo mama huipanda kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye boriti tangu enzi za bibi yake. Nilidhani mama atafurahia kupata chuma mahali pa kamba ile. Amekubali chuma upande mmoja, kwa sharti kwamba kamba yake iachwe ilipo.